Yai la Obita

Mama yangu ana methali moja anayoitumia kama kiboko: mtembezi hula miguu yake. Alinichapa nayo nilipompigia simu kumwambia kwamba Krismasi hii sitafika Kimilili, kwamba nitavuka Malaba na begi mgongoni niitembee Uganda, nilale nitakapofika na nile nitakachokuta. Akauliza kama nimefukuzwa kazi. Nikasema la. Akauliza kama kuna mwanamume. Nikasema laiti. Akavuta pumzi, akasema wazungu wanatembea na mabegi Desemba kwa sababu kwao kuna theluji, sasa mimi kwetu kuna nini.

Kwetu kuna shangazi zangu. Mwanamke yeyote aliyefikisha miaka thelathini na minne bila mume wala mtoto, akawekwa jikoni na shangazi zake achambue mchele wa Krismasi huku wakimwombea kwa sauti, ataniunga mkono. Nilikuwa nimechoka kuombewa. Tena mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimewachorea watoto Ziwa Viktoria ubaoni mwaka baada ya mwaka, na upande wa pili wa ziwa lenyewe sijawahi kuuona kwa macho. Nikajiambia hiyo ni aibu ya kazi, nikanunua begi.

Begi lenyewe lilikuwa kubwa kuliko akili yangu. Lilibeba nguo, jiko dogo la gesi, na mkeka wa kulalia ambao sikuwahi kuukunjua. Lingine dogo nililivaa kifuani, kwa sababu kila mtu aliyewahi kupita kituo cha mabasi cha Kampala aliniambia nikiliweka nyuma nitalikuta limepasuliwa. Ukivaa hivyo, moja mbele na moja nyuma, unatembea kama mjamzito aliyebeba mtoto mgongoni, na miguu yako huioni kabisa. Naomba hilo likumbukwe, maana sikufanya makusudi.

Niliingia Kampala mchana wa mkesha wa Krismasi, na jiji lilikuwa linamwagika. Kuku walichungulia madirishani mwa mabasi, magodoro yamefungwa juu ya paa, wanaume wazima wanagombania milango na watoto wamewakalia mabegani. Kila mwenye mzigo alikuwa anatoka. Mimi peke yangu nilikuwa naingia. Mwendesha bodaboda aliyenichukua kwenda Luzira alinicheka njia nzima. "Nyabo, Kampara yote naenda kijiji," alinipigia kelele kupitia bega lake, "wewe tu ndiyo nakuja. Nani alikufukuza kwenu?" Nikamwambia ni shangazi zangu. Akasema wake pia wapo, lakini yeye anawaogopa kwa heshima.

Chumba nilikipata kupitia mwalimu mwenzangu aliyewahi kulala hapo. Mwenye nyumba alikuwa Mama Joska, Joska likiwa jina lake mwenyewe, mjane wa sajini wa polisi, Mwacholi wa Kitgum aliyezunguka kambi za polisi ujana wake wote mpaka mume alipostaafu, wakajenga Luzira kwenye mteremko unaotazama ziwa. Chumba cha uani alikikodisha kwa wapita njia. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yake, kile cha kambini, kisicho na muda wa ngeli, na mwenzangu alinihakikishia kwamba nikimwamkia vizuri nitalishwa mpaka nishindwe kuinuka.

Geti lilikuwa wazi. Kando yake mzee mmoja alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki, kofia imemfunika pua, na mbwa wa rangi ya mchanga amelala chini ya kiti. Sikutaka kuwaamsha. Nikavuka.

Kitu kikapasuka chini ya kiatu changu, kitu kidogo chenye kuteleza. Papo hapo kigelegele kikalipuka ndani ya nyumba, na mwanamke mnene mwenye gauni refu la gomesi la kijani akatoka mbio, mikono ameipanua, uso wote umefunguka. Akaniona. Kigelegele kikakatika katikati.

Mzee alikuwa ameshaamka. Hakunitazama usoni, alitazama miguu yangu. Nikarudi nyuma hatua moja, nikachungulia kando ya begi langu la kifuani, ndipo nikaona. Ute na kiini cha yai bichi vilikuwa vimesambaa juu ya kijiti kilichopasuliwa, na kijiti chenyewe kilikuwa kimelazwa kwa uangalifu katikati ya njia.

Yule mzee alikuwa Okot, shemeji yake Mama Joska, askari magereza mstaafu. Ndiye aliyenieleza, polepole, kama anayemsomea mfungwa mashtaka yake. Kwao, mtu aliyekaa mbali miaka mingi haingii tu nyumbani kama mbuzi. Mzee wa ukoo humwekea yai getini. Akifika analikanyaga, na yale mabaya aliyoyakanyaga huko nje yanabaki nje, kisha anapokewa. Yai lile lilikuwa la Obita, mtoto wa pekee wa Mama Joska, aliyekwenda Iraki kufanya kazi ya ulinzi na hajarudi kwa miaka sita. Asubuhi ile simu yake ilikuwa imeleta ujumbe: Mama, nimefika Entebbe, nakuja nyumbani.

Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. Nikafanya kile anachofanya mtu asiyejua la kufanya, nikasema nitakimbia dukani nilete trei nzima ya mayai. Okot akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeniambia Mto Naili unaanzia Misri.

Mama Joska ndiye aliyenihurumia. Akasema yai ni yai tu, kuku wako wengi, akaingia jikoni na kutoka na jingine kiganjani. Okot akamshika mkono.

"Hapana, shemeji," alimwambia. "Tukiweka ingine, ile ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Mama Joska akalirudisha yai jikoni, kisha akaja akanivua begi la mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, akaniambia karibu, mutoto yangu. Nilijua neno hilo halikuwa limeandaliwa kwa ajili yangu.

Tulingoja. Kuku alikuwa tayari, na mboga ya malakwang yenye uchachu iliyoungwa kwa karanga na ufuta, na ugali wa wimbi umefunikwa kwa kitambaa kipya. Mama Joska alipiga simu ya mwanawe mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia. Iliita vizuri, haikupokelewa. Alisema labda foleni ya Entebbe. Alisema labda amepitia Katwe kwa rafiki yake Jasper, aliyekwenda naye Iraki, maana vijana wakirudi na pesa lazima wapitie kwa vijana wenzao. Okot hakusema labda yoyote. Jua lilipozama Mama Joska alipakua sahani ya kwanza, ile kubwa yenye paja la kuku, na mkono wake ukaileta mbele yangu kabla hajatambua. Tukaitazama wote watatu. Nikaila, kwa sababu kuirudisha ingekuwa mbaya zaidi, na sikumbuki utamu wake.

Simu yangu mimi nayo ililia jioni ile. Ilikuwa Mama, kutoka Kimilili. Sikupokea, nilijua shangazi wamemzunguka.

Asubuhi ya Krismasi Kampala ilikuwa kimya ajabu. Kutoka mteremkoni ungeweza kusikia kwaya ya kanisa la kambi ya magereza, na ikinyamaza, unasikia sufuria ikifunikwa nyumba ya tatu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mwekundu wa njia ulikuwa bado laini. Mama Joska na Okot walikwenda kanisani. Mimi nilibaki kuangalia maharage motoni, na moyoni nilikuwa nimeshapanga kwamba kesho yake alfajiri nipande basi la Fort Portal, niwaache na mgeni wao halisi.

Ilikuwa karibu saa sita mchana, jua kali, nilipoona mbwa amesimama getini akitikisa mkia. Mtu alikuwa amesimama nje. Alikuwa mwanamume mrefu, umri kama wangu, shati la kijivu limefungwa vifungo vyote. Mikono mitupu. Hilo nililiona kwanza, na likaniudhi, maana hata kwetu mtu haji nyumba ya watu siku ya Krismasi bila hata sukari robo kilo, na wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Nikadhani ni jirani aliyeamkia pombe.

Akabisha hodi. Nikamkaribisha. Akauliza kama Mama yupo, nikamwambia yuko kanisani, aingie angoje kivulini. Geti lilikuwa wazi. Hakuinua mguu. Alikuwa anatazama chini, pale ambapo mvua ilikuwa imeacha vipande vyeupe vya ganda la yai.

"Hapana," akasema. "Kuna mutu ameshaingia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyefika dukani akakuta mkate umeisha, akijua ni kosa lake kuchelewa. Nikamwambia nyumba haijai, aingie. Akatikisa kichwa. Nilimtazama vizuri sasa. Alivaa buti za kiaskari, moja ina kamba nyeusi, nyingine kamba ya bluu kama ya kufungia mizigo, na zote mbili zilikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye vifundo. Nikasema basi ngoja nikuletee soda, huwezi kutoka kwa watu Krismasi koo limekauka.

Nilipotoka na soda hakuwepo. Mbwa alikuwa bado amesimama, mkia umeshuka, anatoa sauti ndogo puani. Nikatoka mpaka njiani, nikatazama juu na chini. Njia ile haina kona mpaka barabarani. Tope lilikuwa na nyayo za Mama Joska na za Okot walipokwenda kanisani, zinashuka. Nyingine hazikuwepo. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na vumbi kidogo, jeupe, kavu, limekaa juu ya tope lililolowa kama unga wa muhogo uliomwagika.

Nilirudi jikoni nikawasha redio kwa sauti ya juu, nikakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa, mpaka waliporudi.

Niliwaambia nusu yake. Nilisema kulikuja mwanamume mrefu akamuulizia Mama, akakataa kuingia. Mama Joska akataka kujua alisema nini hasa, neno kwa neno, nikamwambia. Akauliza alivaa nini, nikamwambia, na buti pia, na kamba zake. Uso wake ukawaka kama jana.

"Ni yeye," akasema. "Hiyo mutoto iko na haya tangu zamani. Akiona wageni, anazunguka nyumba."

Akatoka hivyo hivyo na gomesi yake ya kanisani, akashuka njia akiita jina la mwanawe. Nilimsikia akiuliza majirani. Nilimsikia akicheka na mtu, akimwambia Obita amefika, ila anaona aibu, eti mgeni alimkanyagia yai lake. Sauti yake ikaenda mbali, ikarudi, ikaenda upande wa ziwa.

Okot hakumfuata. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kulikuwa na nyayo. Nikatikisa kichwa. Akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

Jasper alifika alasiri kwa bodaboda, begi kubwa la kijani limemlalia mapajani. Mama Joska alikuwa amerudi, amechoka, ameketi barazani na viatu vyake mkononi. Alimwona Jasper akisimama nje ya geti bila kuinua macho, akaliona begi, na nadhani alijua hapo hapo. Lakini alimwacha aseme. Wenye adabu humwacha mtu aseme alichokuja kusema.

Obita alikuwa amekufa mwezi uliopita. Aliugua homa, akalazwa, siku chache tu, wakamzika huko huko. Waliowapeleka kazini walisema wataiarifu familia, Jasper akawaachia, nao wakaacha. Kabla ya kufa Obita alimshika mkono akamwomba jambo moja, kwamba atakaporudi Uganda amfikishe nyumbani. Basi Jasper alichukua begi lake na simu yake, na jana aliposhuka uwanjani Entebbe akaiwasha simu ili amwandikie Mama.

"Nilitaka kuandika yote," alisema. "Niliandika nimefika Entebbe, nakuja nyumbani. Nikaona ni kama yeye ndiyo ameandika. Kidole ilikataa kuendelea." Kisha simu ikaanza kuita, neno Mama limeandikwa kwenye kioo, na yeye amekaa Katwe kwenye karakana ya ndugu yake, kati ya masufuria na vyuma, begi miguuni, usiku kucha hana ujasiri wa kupokea wala wa kuizima.

Mama Joska hakulia kwa sauti. Alimwambia Jasper akae, kisha akalifungua begi yeye mwenyewe, barazani, mbele yetu. Kulikuwa na blanketi jipya ndani ya plastiki, la kumletea mama yake bila shaka, na mashati, na redio ndogo. Chini kabisa kulikuwa na buti. Vumbi jeupe lilimwagika kwenye gomesi. Moja ilikuwa na kamba nyeusi, nyingine kamba ya bluu ya kufungia mizigo.

Nilikaa chini. Hakuna aliyeniangalia isipokuwa Mama Joska.

"Sema tena alisema nini," akaniambia.

Nikasema tena. Kuna mtu amekwisha kuingia.

Alilaza kiganja chake juu ya buti. Halafu akamgeukia Okot, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga nani atakwenda sokoni, kwamba basi huyo mtu atoke. Atoke, ambebe Obita mgongoni, na waingie pamoja. Okot alisema hiyo haipo katika desturi yao. Mtu aliyefia mbali ana njia zake za kuitwa, zinafanyika kijijini na wazee, si Luzira na mwalimu wa Kenya.

"Desturi hapana zaa mutoto," Mama Joska akamjibu. "Mimi nilizaa. Amesimama nje na jua, na ni Krismasi."

Wote wakanitazama. Nasema wazi, niliogopa. Mimi ni Mkristo wa Krismasi na Pasaka, sina utaalamu wa mambo hayo, na kule chini palikuwa na bodaboda ya Jasper bado inangoja. Ningeweza kuipanda mpaka Ggaba, nikapata nyumba ya wageni, nikala samaki, nikasahau. Hasira pia ilinishika. Nilikuwa nimetoroka Krismasi ya kwetu nisibebeshwe mizigo ya ukoo, sasa huu ukoo wa watu nisiowajua unanibebesha maiti.

Lakini nilimwona tena pale getini, macho yamelalia ganda la yai, akikubali kwamba amechelewa. Mimi nilikuwa nimekimbia mlango ulioachwa wazi kwa ajili yangu. Yeye alikuwa amekuja kutoka huko kote, akakuta wake nimeuziba. Nilimhurumia kuliko nilivyomwogopa. Nikasimama, nikasema nipeni hilo begi.

Okot hakubisha tena. Aliingia nyuma ya nyumba akarudi na kijiti kibichi, akakipasua kwa kisu, akakilaza pale pale. Yai alilipokea kutoka kwa Mama Joska kwa mikono miwili. Aliliweka, akalishikilia kidogo mpaka likatulia.

Nilitaka kuacha begi langu la kifuani ndani, angalau nione ninapokwenda. Mama Joska akakataa. Nilivyoingia jana ndivyo nitakavyotoka. Wakanivalisha langu dogo mbele, na la Obita nyuma, buti zikiwa ndani. Lilikuwa zito. Nikatoka kinyumenyume, Okot akiniongoza kwa kiwiko ili nisilikanyage yai, na nikashuka mpaka kioski kilichofungwa chini ya mteremko, ambapo bodaboda yangu ilinishusha jana.

Nilisimama pale nikiwa na mizigo miwili kama punguani. Hapakuwa na mtu. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. Sikujua mtu husemaje. Mwishowe nikasema nilivyoweza, kama ninavyomsemesha kaka yangu akisusa chakula: "Obita, mimi ni Nerima. Nilikukanyagia yai, sikuliona. Twende sasa, Mama anangoja."

Simu ikalia kifuani. Niliruka. Ilikuwa Mama, na safari hii niliipokea, kwa sababu nilihitaji sauti yoyote ya mtu aliye hai. Nyuma yake niliwasikia shangazi wakicheka jikoni, na sikuwahi kudhani ningefurahi kuwasikia. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimekula.

"Bado," nikasema. "Kuna mtu namsindikiza kwao kwanza."

Mama yangu si mtu wa kuulizauliza anaposikia kitu sautini. "Msindikize vizuri," akasema. "Usimwache njiani. Kisha uje."

Nikaanza kupanda. Sikugeuka. Sikusikia nyayo nyuma yangu, wala pumzi, wala baridi yoyote ya hadithini. Nilisikia begi tu likigonga kiuno, na kila nilipofika penye utelezi lilikuwa jepesi, kama mtu ameliinua kidogo kwa chini. Nusu ya njia familia moja ilikuwa imekaa nje na chupa zao za Krismasi, wanacheka. Nilipokaribia wakanyamaza. Bibi mmoja aliyekaa kwenye kigoda katikati ya njia alinitazama, akatazama kando yangu, akainuka, akavuta kigoda chake mpaka ukutani. Mimi ni mwembamba. Aliacha nafasi ya watu wawili.

"Krismasi njema, watoto yangu," akasema.

Nilitaka kukimbia. Nikasema asante, Bibi, na nikaendelea kwa mwendo uleule, maana nilikuwa nimeambiwa nisimwache njiani.

Getini walikuwa wamesimama wote watatu, Mama Joska katikati, Jasper ameshika kofia ya Okot. Mbwa alikuwa ameketi, mkia unafagia ardhi. Sikuweza kuona yai, begi langu lilinizuia, kwa hiyo Okot aliinua kiganja kunionyesha nisimame hapo, kisha atakishusha nikanyage. Nikainua mguu wa kulia nikaushikilia hewani. Kiganja cha Okot kilikuwa bado juu.

Yai likapasuka.

Nililisikia vizuri. Okot alilisikia, kwa sababu alitazama kiganja chake kama kimemdanganya. Mguu wangu ulikuwa bado hewani, kiatu kikavu, na begi la mgongoni halikuwa na uzito wowote.

Mama Joska hakunitazama mimi. Alitazama kando yangu, juu kidogo ya bega langu, kwenye kimo cha mtu mrefu, na uso wake ukafunguka vile ulivyofunguka jana kabla hajaniona.

"Umechelewa," alimwambia. "Chakula imepoa."

Kisha akapiga kile kigelegele kilichokatika, akakimaliza, huku machozi yanamtiririka. Mimi nilibaki na mguu juu, nikangoja apite kwanza.